Nguva wa Babu na Nguva wa Kitabuni

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Naishi Chumbageni, Tanga. Binti yangu wa darasa la tatu alichora mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, chini yake akaandika NGUVA. Baba yangu, aliyevua Moa tangu ujana wake, akamwambia: 'Mjukuu wangu, huyu siye. Nguva hana nywele, na mdomo wake ni kama wa ng'ombe.' Mtoto akaangua kilio, maana kitabu chake kina picha hiyo hiyo na jina hilo hilo. Nani mwenye haki kati yao? Na wenzetu wa lugha nyingine humwitaje kiumbe huyu?"

Marahaba, mwanangu. Msalimie mzee wako, umwambie kwamba kwa upande wa neno, haki ni yake. Nguva ni jina ambalo wavuvi wa pwani hii walimpa mnyama anayepumua hewa, anayezaa na kunyonyesha, anayekula majani chini ya maji. Mwanamke mwenye mkia ni mgeni aliyekuja baadaye, akakaribishwa chumba katika nyumba ya mwingine, na sasa watoto wetu wanadhani nyumba ni yake. Lakini binti yako naye hakukosa. Aliandika alichofundishwa, na siku hizi Waswahili wengi, hasa wa bara na wa mijini, ukiwatajia nguva huwajia akilini huyo huyo aliyemchora yeye. Kwa hiyo picha yake usiifute.

Nianze na anayemjua babu, kwa sababu bila yeye hadithi yote hii haisimami.

Nguva aliyekomaa hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 hivi. Huishi miaka mingi, hata 70. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Chakula chake ni majani ya bahari, yale yanayoota kwenye maji machache kama malisho, na mdomo wake umeinamia chini ili ayang'oe na mizizi yake. Anakopita akila huacha njia nyeupe ya mchanga katikati ya majani, na wavuvi wazoefu huisoma njia hiyo kama mchungaji anavyosoma nyayo. Wataalamu wa wanyama wanasema ndugu zake wa karibu nchi kavu ni tembo na pimbi. Jambo hili hushangaza watu mpaka waambiwe kwamba nguva dume huota pembe mbili ndogo mdomoni, na kwamba matiti ya nguva jike hayako tumboni kama ya ng'ombe. Yako mawili, kifuani, kwapani mwa mapezi yake. Tembo jike naye matiti yake yako kifuani.

Hapo kwenye matiti ndipo mambo yalipoanzia. Mvuvi anamwona mnyama mkubwa akipanda juu kuvuta pumzi, ana mtoto ubavuni, ana kifua cha mama, hana magamba. Akimkuta wavuni na kumpandisha mashuani, anaona kiumbe kisicho samaki kwa lolote ila makazi yake. Yamesimuliwa sana katika pwani yetu masimulizi kwamba mvuvi aliyeleta nguva nchi kavu alitakiwa kula kiapo kuwa hakumwingilia. Ukiyafikiria masimulizi hayo utaona yanachosema: watu walimwona nguva karibu mno na mwanamke kiasi cha kumwekea heshima na haya za kibinadamu. Ila angalia, hakuna aliyesema ana nywele. Hakuna aliyesema anaimba wala anajitazama kiooni. Aliitwa nguva, akaogopewa kama nguva, na wengi nyama yake wakaila.

Wengine watasema mvuvi mzee asipingane na kitabu. Mimi nasema sisi watu wa Tanga ndio wa mwisho kutoa kauli hiyo. Mpaka mwaka 1938 wanasayansi waliamini silikanti, samaki wa kale, alikwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini. Ilipofika zamu ya Komoro mwaka 1952, ikaonekana wavuvi wa kule walikuwa na jina lake tayari: gombessa. Leo Tanga tuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki huyo huyo. Jina la mvuvi mara nyingi huwa limetangulia.

Sasa tutembee kwa wenzetu. Nimefanya kazi ya kamusi na tafsiri kwa miaka mingi, na kuhusu kiumbe huyu nimejifunza hivi: jina hukuambia mpaji alikuwa amesimama wapi. Aliyemshika mnyama kwa mikono yake humwita kwa mwili wake. Aliyekaa pwani akisubiri habari, au aliyemwona kwenye picha, humwita kwa anachotamani au anachoogopa.

Waliomshika kwanza. Wajerumani humwita Seekuh na Waholanzi zeekoe, yote mawili maana yake ng'ombe wa bahari. Watamil wa India ya kusini na Sri Lanka, watu wa bahari kama sisi, humwita kadal pasu, ng'ombe wa bahari vilevile. Wamalagasi wamechagua mnyama mwingine: lambohara, na mwanzo wa neno hilo ni lambo, nguruwe mwitu. Ng'ombe au nguruwe, wote wametazama kitu kimoja, mdomo unaochimba na mwili ulionenepa. Babu alipomwambia mjukuu "kama wa ng'ombe" alisema walichosema watu wa bahari tatu tofauti bila kukutana nao. Ajabu ndogo iko Afrika Kusini, ambako walowezi wa Kiholanzi walikuta kiboko mtoni wakampa jina hilo hilo, na mpaka leo kwa Kiafrikana seekoei ni kiboko.

Kutoka hapo tuvuke kwa waliomwita bibi arusi.

Kwa Kiarabu ni arus al-bahr. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo: arusi na bahari zote tumezichukua kwao. Ni bibi arusi wa bahari, na mji wa Jeddah husifiwa kwa jina hilo, bibi arusi wa Bahari ya Shamu. Kinachonivutia zaidi ni kwamba katika pwani ya Misri jina hilo hilo hutumika kwa yule mnyama mwenyewe, anayekula majani karibu na Marsa Alam. Waarabu nao, kumbe, wana nyumba moja yenye wapangaji wawili, ila kwao mlango wa kuingilia ulikuwa ule mwingine. Sisi tulianza na mnyama tukamkaribisha mwanamke. Wao jina lao ni la mwanamke, na mnyama ndiye anayeishi chini yake. Na huko Aden, bandari ambayo majahazi yetu yaliifahamu vizuri, nguva waliokaushwa waliwahi kuoneshwa kwa abiria wa meli kwa madai kwamba ndio mabibi arusi wenyewe. Fikiria abiria aliyetoka kwao na picha ya uzuri kichwani, akalipa, akafunuliwa ngozi iliyosinyaa.

Waebrania husema bat yam, binti wa bahari. Bat yao na binti yetu ni mtu na dada yake. Waturuki husema denizkızı, msichana wa bahari. Waajemi humwita pari wa baharini, na pari ni kiumbe mzuri wa kimalaika, ambaye Wahindi nao wamemchukua wakasema jalpari, pari wa majini. Waingereza walipounganisha neno lao la kale la bahari na neno la msichana wakapata mermaid. Wajerumani wana Meerjungfrau, mwanamwali wa bahari, na Wadenmark wana havfrue, bibi wa bahari, ambaye hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837 ilimfanya maarufu duniani na sanamu yake imekaa juu ya jiwe bandarini Copenhagen tangu mwaka 1913. Unaona hakuna ng'ombe hapa wala nguruwe. Haya ni majina ya watu waliotazama bahari wakiwa na hamu.

Wamalagasi, ambao nimekwisha kuwataja, ni watu waangalifu: wana majina mawili. Mnyama ni lambohara. Binti wa hadithi ni zazavavindrano, yaani msichana wa majini. Nguruwe mwitu na msichana hawachanganyiki hata kidogo, na mtoto wa Kimalagasi hawezi kulizwa na babu yake kwa jambo hili.

Walio karibu nasi zaidi kwa safari ya neno ni Wamalay na Waindonesia, na hapa naomba unipe muda kidogo. Kwao mnyama anaitwa duyung. Neno ni la kale sana katika lugha za visiwa vile. Ufilipino nako lipo. Wazungu walilisikia huko karne ya 18, likaharibika kidogo midomoni mwao, likawa dugong, na ndilo limeingia katika jina la kitaalamu, Dugong dugon. Utawasikia watu wakidai kwamba maana yake ni "bibi wa bahari". Si kweli, duyung ni jina la mnyama tu, kama nguva kwetu, na huo ubibi ni mapambo ya wanaotaka kila jina liwe na hadithi. Lakini Wamalay nao walipotaka kumtaja mwanamke mwenye mkia hawakutafuta neno jipya. Walichukua la mnyama wakaongeza moja mbele: putri duyung, binti mfalme wa duyung. Wakabaki na mnyama wao, wakapata na binti mfalme wao. Hata machozi ya duyung yamepata kazi: huuzwa kama dawa ya mapenzi kwa imani kwamba anayejipaka hupendwa. Ni mnyama yule yule, ana ute machoni anapotolewa majini, na watu wameona kilio cha mpenzi.

Sisi tulifanya nusu ya kazi hiyo. Tulimchukua mnyama tukampa mwanamke jina lake, tukasahau kuongeza neno la kutofautisha. Kosa lote la kitabu cha binti yako liko hapo.

Kuna ukoo mwingine wa majina ambao huwezi kuukwepa, maana umeenea Ulaya yote ya kusini na umeingia hadi kwenye magari ya wagonjwa. Wayunani wa kale walikuwa na viumbe walioitwa seirēn. Mshairi Homer alisimulia jinsi walivyoimba wakawavuta mabaharia kwenye mauti, ila sura zao hakuzieleza. Wachoraji wa Kiyunani walizieleza: ni ndege wenye vichwa vya wanawake. Ndege, mwanangu, wenye kucha na mabawa! Mkia wa samaki haumo. Zikapita karne na karne, na katika kitabu cha Kilatini kuhusu viumbe vya ajabu, cha karne ya 7 au ya 8 hivi, ndipo tunapokuta seirēn akielezwa kuwa msichana mpaka kitovuni na samaki mwenye magamba kutoka hapo kwenda chini. Jina likabaki lile lile, mwili ukabadilika chini yake. Ndiyo maana Wafaransa husema sirène, Wahispania na Waitaliano sirena, Wareno sereia, na wote wanapotamka hivyo huona samaki, huku jina lenyewe lilizaliwa likiwa na manyoya.

Ikaendelea kusafiri. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza chombo cha kutoa mlio kwa tundu zinazozunguka, akakiita sirène kwa sababu kiliweza kulia hata ndani ya maji. Kutoka hapo mataifa mengi yakaita hivyo king'ora cha zimamoto na cha gari la wagonjwa. Sisi hatukulihitaji, tulikuwa na king'ora chetu. Na mwaka 1811 mtaalamu wa Kijerumani Johann Illiger alipotaka jina la kundi zima la wanyama wa jamii ya nguva, aliwaita Sirenia. Kwa hiyo leo mwanasayansi anayepima nguva wa Moa huandika kwenye daftari lake jina la ndege wa Kiyunani aliyegeuzwa samaki, na mnyama mwenyewe anatafuna majani, si samaki wala si ndege.

Christopher Columbus naye alikuwa na jina hilo kichwani. Januari mwaka 1493, karibu na kisiwa cha Hispaniola, ilirekodiwa kwamba aliona sirena watatu wakiinuka juu ya maji, na kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Aliowaona ni manati, binamu wa nguva waishio upande ule wa dunia. Nampenda kwa ukweli huo mmoja: jina lilimwambia atarajie uzuri, macho yakamkatalia, na yeye akayaamini macho.

Aliyetazama bila jina la kumpotosha alikuwa Georg Steller, daktari wa meli ya Vitus Bering iliyovunjikia visiwani kaskazini ya mbali mwaka 1741. Alikuta wanyama wa jamii hiyo, wakubwa kuliko nguva wetu mara nyingi, wakila mwani katika baridi ya kule. Aliwapima, akawaeleza kwa makini. Ilipofika mwaka 1768 walikuwa wamekwisha, wameliwa na wawinda ngozi. Miaka 27 tu. Nitalirudia jambo hili mbele.

Kuna na lugha zilizochukua njia ya moja kwa moja, zikajumlisha mtu na samaki. Wajapani husema ningyo: nin ni mtu, gyo ni samaki. Lakini ningyo si mrembo wa kuvutia mabaharia. Katika masimulizi yao maarufu, msichana mmoja alikula nyama yake bila kujua, akaishi miaka 800, akawazika waume na jamaa wote, mwishowe akawa mtawa. Wachina husema meirenyu, samaki-mrembo. Warusi wana rusalka, na watafsiri wengi humtia mkia kwa mazoea, kumbe katika imani za zamani za kwao ni mzuka wa msichana aliyekufa maji, mwenye miguu kamili, na makazi yake ni mtoni.

Na sasa nikupeleke mahali ambapo Kiswahili chenyewe kimetoa jina tofauti na letu. Lubumbashi, Kongo, wanaongea Kiswahili kama sisi, ila bahari hawana. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaa ya kule walikuwa wakiuza picha za mwanamke mrembo mwenye mkia, ameketi kando ya maji, na watu walizitundika sebuleni. Walimwita mambamuntu. Mamba na mtu! Hawakumjua nguva, kwa hiyo nguva hakuwafaa. Walichukua mnyama wa kuogopwa katika maji yao, wakamuunganisha na binadamu. Huyo ni mwanamke wa mali: humtajirisha anayempata, kwa masharti mazito. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya maneno yaliyoundwa vizuri zaidi katika Kiswahili chote, kwa sababu limetoka kwenye maji ambayo wasemaji wake huyaona.

Jirani yake wa Afrika ya Magharibi ni Mami Wata, mama wa maji, na historia ya sura yake itakusaidia kumwelewa mwalimu wa binti yako. Katika miaka ya 1880 ilichapishwa Hamburg, Ujerumani, picha ya rangi ya mwanamke mwenye nywele nyingi aliyeshika nyoka, mchezaji wa maonesho. Picha ikafika Afrika ya Magharibi ikapendwa mno, na mwaka 1955 ilichapishwa upya Bombay, India, kwa ajili ya soko hilo. Ilimwonesha nusu ya juu tu. Watu wakajiuliza: kwa nini sehemu ya chini imefichwa? Wakajijibu: ana mkia. Imani za viumbe vya majini zilikuwepo kule tangu zamani, hilo tusilisahau, ila karatasi moja iliyochapishwa ng'ambo iliwapa sura, na sura ikashika. Kwetu kitabu cha picha kimefanya kazi hiyo hiyo.

Utaniuliza: je, Waswahili wa zamani hawakuwa na viumbe wa kutisha baharini? Walikuwa nao tele, na kila mmoja ana jina lake. Kuna chunusi, yule anayevuta waogeleaji chini. Ukiwa mtoto wa pwani ulikatazwa kuoga peke yako kwa jina lake. Kuna kibwengo. Kuna majini wa baharini, wa namna zao. Na mwanamke mrembo wa kuhadaa wanaume tunaye pia, tena anajulikana kila mtaa kuanzia Tanga hadi Mombasa na Unguja: amevaa baibui safi, ananukia udi, kijana anamfuata gizani, na anapotupa jicho chini anaona kwato. Kwato, mwanangu, hakuna mkia hapo. Hofu yetu ya uzuri wa hadaa tuliitundika kwenye miguu, na mwanamke huyo hutembea nchi kavu. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba mwenye mkia hakutoka kwetu. Tulikuwa tumekwisha kumpa mwingine kazi yake, na nguva alikuwa na kazi nyingine kabisa, ya kuwa mnyama.

Najua swali lako limeanza na machozi ya mtoto, na pengine unaona nimelikuza. Nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri tangazo la kuwahimiza wavuvi wamwachie nguva akinasa wavuni. Maneno yangu yalikuwa sawa. Tangazo lilipochapishwa nikaona mchoraji kaweka mwanamke mwenye nywele na mkia wa kijani. Lilibandikwa kwenye mwalo mmoja wa wilaya ya Mkinga. Nilisimama pale nikasikia vijana wawili wakilisoma, mmoja akamwuliza mwenzake: "Sasa hawa wanataka tuwahifadhi majini na mashetani?" Wakacheka, wakaenda zao kushona jarife. Jarife, kama babu atakavyokueleza, ni ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa na taa. Ndio huo unaomnasa nguva usiku, na kwa kuwa ni mnyama wa kuvuta pumzi, hufa maji baharini kwake mwenyewe. Niliumia siku ile kuliko nilivyowahi kuumia kwa kosa la tahajia. Neno sahihi lilikuwepo pale pale ukutani na halikumfikisha mtu yeyote kwa mnyama.

Desemba mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakubwa wa kuzaa waliobaki katika pwani yetu yote hii, kwa makadirio yao, hawafiki 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Kumbuka kasi ya uzazi wao niliyokutajia mwanzo. Kumbuka na wale wa Steller. Mtoto wa Tanga anayeamini kwamba nguva ni wa kubuni hawezi kuuliza amekwenda wapi.

Basi shauri langu, kwa nyumba yako na kwa mwalimu wake pia ukiweza kumfikishia kwa adabu. Neno nguva liachwe kwa mnyama. Mwanamke wa hadithi apewe jina lake, na wenzetu wametuonesha njia: Wamalay waliongeza neno, Wamalagasi wakatenga kabisa. Mimi huandika "binti wa bahari" ninapofasiri hadithi za watoto, maana linakaa pamoja na la Waebrania, la Waturuki na la Wamalagasi, na mtoto hulielewa bila kuelezwa. Anayependa "binti nguva" kwa mfano wa putri duyung simgombezi. Limebeba ukumbusho wa mnyama ndani yake. "Samaki mtu" hulisikia, ila kwangu linanuka soko, na halimtendei haki mwanamke wala samaki. Na ukikuta mtu mzima ameshazoea nguva kwa maana ya hadithi, usimsahihishe mbele za watu; kamusi nzuri huweka maana zote mbili, mnyama akiwa wa kwanza.

Kwa binti yako, fanya hivi. Mpe babu penseli. Amchore nguva wake kwenye karatasi hiyo hiyo, kando ya yule wa mjukuu, na mdomo auelekeze chini kama anavyokula. Wakifika kwenye mkia, wote wawili wautazame vizuri. Mkia wa samaki umesimama wima, hupiga kulia na kushoto. Mkia wa nguva umelala, kama wa pomboo, hupiga juu na chini. Kisha waangalie na ule wa mwanamke wa kitabuni. Mara nyingi wachoraji humpa magamba ya samaki juu ya mkia uliolala, mkia wa nguva, bila wao kujua. Babu akiuona tu atautambua.